Uwanja mdogo Bombo: mboga, mikeka na mtambo wa maji, kipi kianze?

SWALI: Assalaam aleikum, mtaalamu. Sisi ni watu sita, tumepanga nyumba ya vyumba viwili hapa Bombo, kaskazini mwa Kampala, Uganda. Nyuma kuna uwanja wa hatua kumi kwa nne hivi. Baba watoto ni fundi wa redio na simu, mama mkwe anasuka mikeka na mifuniko ya vyakula, na kijana wetu wa miaka 14 amekazania kuunda mtambo wa kumwagilia utakaoendeshwa kwa simu. Nataka tupunguze kununua mboga, tupunguze taka, na kazi za mikono zituingizie kitu. Nimeona pia mifuko ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, inauzwa bei nzuri Kampala. Msimu uliopita tulijaribu nyanya, zikanyauka zote. Sasa ni Julai na tuna shilingi laki tatu. Tuanze na lipi?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Umenitajia kila kilichomo nyumbani isipokuwa maji. Hukusema mnachota wapi wala mnanunua jerikeni ngapi kwa siku, na kwa hesabu yangu hapo ndipo mboga, usukaji na mtambo wa kijana vinapokutana. Basi jibu fupi ni hili: anzeni na maji na maganda, mboga zifuate, mama mkwe aendelee na kazi yake lakini abadilishe namna ya kuipangia bei, na mtambo uje mwisho kabisa. Jibu refu ndilo hili hapa chini. Chukua chai.

Laki tatu zinatosha, ila zinaisha upesi mtu akianzia dukani. Nimeona nyumba nyingi ambazo mwenyewe akishaamua kujitegemea, kitu cha kwanza anachofanya ni kwenda kununua: ndoo mpya, udongo wa mifuko, mbegu za kopo, paneli ya sola. Mimi ningewaomba mkae wiki moja mkiangalia tu kinachotoka uani kwenu. Maganda ya matoke na muhogo, maji ya kuoshea mchele, maji ya udhu, vumbi la mkaa linalobaki chini ya gunia, maboksi ya vipuri vya baba watoto, na mvua inayoteremka kwenye bati na kukimbilia kwa jirani. Vyote hivyo mmeshavilipia, au mmepewa bure na Mungu, kisha mnavitupa na kwenda sokoni kununua vinavyofanana navyo.

Tuanze na mvua, maana hesabu yake ni rahisi na kijana ataipenda. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji kamili. Nyumba ya vyumba viwili ina paa la mita 30 za mraba hivi, lakini kama paa lina miteremko miwili, upande wa nyuma ndio unaomwaga uani: shika mita 15. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya alasiri ya Oktoba, inawapa lita 300. Toa yanayorukia pembeni, bado yanabaki 250. Pipa moja ni lita 200. Yaani mvua moja nzuri inajaza pipa na kumwagika. Eneo la Kampala na jirani zake hupata milimita 1,200 au zaidi kwa mwaka, kwa hiyo upande huo mmoja wa bati unamwaga zaidi ya lita 14,000 ardhini kila mwaka hata ukishatoa ya hasara. Bombo mvua mnayo. Mnachokosa ni mfereji chini ya bati na mahali pa kuyaweka maji.

Kwa hiyo nusu ya laki tatu zenu, hata ikizidi kidogo, iende kwenye mfereji wa bati, pipa moja au mawili, koki, na matofali ya kuliinua pipa juu. Kabla hamjapiga msumari hata mmoja, zungumzeni na mwenye nyumba. Mkubaliane mbele ya shahidi kama siku mkihama mfereji ni wenu au ni wake. Mpangaji asiyeuliza hilo huishia kumjengea mwenye nyumba, na mwezi ujao kodi inapanda kwa sababu "nyumba ina maji".

Pipa lisilofunikwa ni hospitali inayokungoja. Mbu anahitaji siku kumi hivi tu kutoka yai hadi kuruka. Fungeni mdomo wa pipa kwa wavu mwembamba, hata kipande cha chandarua chakavu, mkikaze kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Na maji ya kwanza baada ya kiangazi yaacheni yaende. Yana vumbi na kinyesi cha ndege.

Sasa matumizi. Uwanja wenu ukiondoa njia ya kwenda chooni, kamba ya nguo na pale baba watoto anapotandaza redio, hamtabaki na zaidi ya mita 10 za mraba za kulima. Mboga za majani siku ya jua zinataka lita 4 hivi kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni lita 40, jerikeni mbili. Pipa moja basi ni siku tano. Linawavusha kati ya mvua na mvua, lakini kiangazi cha Desemba hadi Februari haliwezi. Kiangazi ndipo maji ya udhu yanapokuja. Watu sita, wengine wakishika udhu mara mbili tatu kwa siku, kila mmoja kwa lita moja na nusu: mnakaribia lita 25 hadi 30 kila siku za maji yasiyo na sabuni. Weka beseni chini, au jenga kijisakafu chenye mfereji wa kwenda kwenye tuta, na zaidi ya nusu ya maji ya bustani mmeshayapata bila kununua jerikeni. Sijaona bustani ya mjini iliyo na chanzo cha uhakika kuliko hicho, kwa sababu hakingoji mtu akumbuke.

Maji ya kufulia ni habari nyingine. Sabuni ya unga ina chumvi za sodiamu ambazo zikirudiwa wiki baada ya wiki huufanya udongo ugande na kukataa kunywa maji. Yamwageni kwenye shina la mgomba kama upo jirani, mkibadilisha mahali, wala yasifike kwenye mboga.

Twende kwenye maganda. Agosti 2024 jaa la Kiteezi kule Wakiso, lililokuwa likipokea taka za Kampala, liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni maganda na mabaki ya chakula, vitu ambavyo shambani havingeitwa taka. Wataalamu wengi watakuambia ujenge lundo la mboji la mita moja kwa mita moja. Ni kweli lundo la ukubwa huo linapata joto la kuua mbegu za magugu na vijidudu, lakini watu sita hawazalishi maganda ya kutosha kulijaza kwa wakati, na lundo dogo katika uwanja wa hatua nne ni makao ya panya na nzi. Kwenu ningetumia mtaro. Chimbeni mtaro wa kina cha mkono hadi kiwiko kando ya tuta. Kila jioni mwageni maganda ya siku hiyo, yakate kwa panga ili yaoze upesi, tupia juu yake majani makavu au boksi lililochanwa, kisha fukia kwa udongo. Kesho songa mbele hatua moja. Wiki sita hadi nane baadaye mnapanda juu yake. Msitie nyama wala wali uliopikwa, na kavera, yaani mifuko ya plastiki, mziokote moja moja kabla hazijaingia. Kavera ikifukiwa leo, mjukuu wako ataifukua.

Vumbi la mkaa lisitupwe. Liloweke kwanza kwenye maji ya samadi siku kadhaa, ndipo ulichanganye na udongo. Likiingia kavu litanyonya rutuba ya mboga kwanza. Majivu ya kuni nayo ni mazuri, konzi moja moja, maana yakizidi yanaufanya udongo uwe wa magadi mno. Kuna wanaopendekeza mkojo uliochanganywa na maji. Unafanya kazi, sikatai, lakini nyumba yenu inaswali na uwanja ni huo huo wa kutandika mkeka. Samadi ipo, Luweero na Nakaseke kuna ng'ombe wa kutosha. Nunua magunia machache ya samadi iliyokaa hadi haina harufu. Mbichi itaunguza miche.

Kabla ya kuamua tuta liwe wapi, angalieni jua. Sisi tupo karibu sana na Ikweta, na watu wengi wanadhani kivuli chetu hakibadiliki. Kinabadilika. Mwezi wa Juni jua la saa sita liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini. Ukuta wa mita 2 na nusu unatupa kivuli cha mita moja hivi saa sita mchana, Juni upande wa kusini na Desemba upande wa kaskazini. Katika uwanja wenye upana wa hatua nne, mita moja ni robo nzima au zaidi. Mahali panapoonekana pana jua sasa hivi Julai panaweza kuwa kivulini wakati wa kiangazi cha mwisho wa mwaka, na kinyume chake. Mboga za majani zinavumilia kivuli cha nusu siku, na kiangazini hata zinakishukuru. Pilipili na biringanya hazitaki.

Nyanya zenu. Hukuniambia kama zilinyauka zikiwa bado za kijani au majani yalianza kwa madoa meusi. Kama yalikuwa madoa meusi kwenye mvua, huo ni ukungu. Kama mche ulikuwa mzima asubuhi, mchana umelegea ukiwa kijani, na baada ya siku chache umekufa, mimi nashuku mnyauko wa bakteria, ugonjwa uliozoeleka sana Uganda. Mkiona mche mwingine wa namna hiyo kwa jirani, kateni shina karibu na ardhi, mlining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Kama ni bakteria, dakika chache tu na utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye kidonda. Bakteria huyo anakaa udongoni kwa miaka, na anasafiri kwa jembe na kwa maji yanayotiririka. Hakuna dawa ya duka itakayomtoa, hata muuzaji akiapa.

Maana yake kwenu ni kwamba pale zilipokufa nyanya msipande tena nyanya, wala ndugu zake: biringanya, ntula (nyanya chungu), pilipili, viazi mviringo, na hata nakati, kwa kuwa nakati, ingawa ni mboga ya majani, nayo ni ya ukoo huo huo. Hapo pandeni dodo (mchicha), sukuma wiki, maharage au vitunguu. Nakati iwekwe kwenye udongo mwingine, mbali, na jembe lioshwe kabla ya kuvuka. Nyanya nazo ziacheni kwa mwaka huu. Naelewa hamu yake, kila anayeanza bustani anaota nyanya, lakini ni zao la kumnyanyasa anayeanza. Dodo inakupa chakula wiki ya nne. Sukuma wiki miezi miwili baada ya kuhamisha miche inaanza kuchumwa, na ukichuma majani ya chini tu inaendelea kwa miezi mingi. Mboga mbili hizo na nakati, pamoja na vitunguu vya majani pembeni, zitapunguza safari za sokoni. Unga wa posho (ugali) na mchele mtaendelea kununua. Mita kumi za mraba haziwezi kulisha watu sita, na anayekuambia zinaweza anakuuzia kitu.

Magunia yanawafaa kwa sababu mmepanga na siku moja mtahama. Chukueni gunia, wekeni katikati kopo lisilo na matako lililojaa kokoto, jazeni udongo kuzunguka kopo, halafu livuteni juu na kulijaza tena kokoto hadi mfike mdomoni. Kokoto zinabaki kama nguzo ya kupitisha maji hadi chini. Bila nguzo hiyo mboga za juu zinakunywa na za chini zinakufa. Udongo uwe debe tatu, samadi iliyoiva debe moja na nusu, mchanga debe moja. Sukuma na dodo zinakubali kutoka kwenye matundu ya ubavuni, nakati ipandwe juu. Gunia la plastiki likikaa juani mwaka mmoja au miwili linaanza kupukutika vipande vidogo vidogo udongoni, na hapo mama mkwe anaweza kusaidia: mkeka uliochakaa ukizungushiwa gunia unalikinga na jua na kuupoza udongo.

Vidukari wakija, na watakuja hasa kwenye sukuma, pukuteni kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, jioni, chini ya majani. Msinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na karatasi. Mboga mnaila baada ya siku mbili tatu, na hakuna anayejua kilichomo.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza. Baba watoto anafanya kazi na risasi ya kulehemu na betri chakavu. Risasi ikiingia udongoni haiozi, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Meza yake isikae juu ya matuta wala pale maji ya mvua yanapopita kuelekea kwenye mboga, vipande vya lehemu viingie kwenye kopo lenye kifuniko, na nyaya zisichomwe uani ili kutoa shaba. Ikiwa uwanja huo ulikuwa gereji au dampo la betri zamani, limeni kwenye magunia tu kwa udongo ulioletwa kutoka kwingine. Na kama mko karibu na barabara kuu ya Gulu, osheni mboga vizuri. Vumbi la barabara hiyo si la kula.

Sasa kazi ya mama mkwe, na hapa nina maneno ya kusema. Mifuniko na vikapu vya rangi vya wanawake wa Kinubi wa Bombo ni kazi ambayo mtu akiiona Kampala anasimama. Shida haijawahi kuwa ufundi. Shida ni kwamba msusi akiulizwa bei anaangalia uso wa mteja. Chukua kazi moja tu, andika tarehe ya kuanza, andika kila kikao alichokaa, pima ukindu au rafia na rangi iliyoingia. Halafu uliza: kibarua wa kawaida Bombo analipwa ngapi kwa siku? Zidisha. Mkishaona jumla, mtashangaa, na pengine mtagundua kwamba mkeka mkubwa unawalipa vibaya kuliko mfuniko mdogo, kwa kuwa mteja analipia uzuri na siyo mita. Basi asuke vidogo vya kuuza, na vikubwa awasukie maharusi wa ukoo, ambako malipo ni heshima na kila mtu anajua.

Kuhusu soko, masoko ya kazi za mikono Kampala, lile la nyuma ya National Theatre na lile la Buganda Road, yanapokea, lakini wauzaji wengi watataka mali kauli: acha hapa, nikiuza nikulipe. Kwa vipande viwili vitatu sawa, ili watu waione kazi. Vikizidi hapo unamkopesha mtu mwenye duka ilhali wewe huna. Andikishianeni idadi, bei na siku ya kurudi. Agizo la moja kwa moja, kwa picha kwenye simu na nusu ya malipo mbele, ni bora kuliko rafu ya mtu mwingine. Rangi za unga za kuchemshia ukindu, maji yake yasimwagwe bustanini. Kama mnataka kujaribu rangi za asili, maganda makavu ya vitunguu pamoja na shabu hutoa rangi ya dhahabu inayokwenda kahawia na inayokaa vizuri. Bizari ya manjano inapendeza siku ya kwanza na kufifia juani, kwa hiyo usimuuzie mteja kitu kilichotiwa bizari ukamwahidi rangi ya kudumu.

Msiingie kwenye shanga za karatasi. Ni kazi nzuri, inatumia kalenda na magazeti ya zamani, nyumba nyingi za Kampala zimeishi kwayo. Ndiyo sababu kila meza ya soko imerundikana shanga na bei imeshuka hadi haikumbuki jasho.

Lubugo ni jambo lenye uzito wake. Ni gome la mti wa mutuba. Linabanduliwa msimu wa mvua, shina linafungwa majani ya mgomba ili lisikauke, na mti unaota gome jipya. Mti mmoja unaweza kuvunwa kwa miaka mingi bila kukatwa. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005. Bei ya mifuko uliyoiona inatokana na ushonaji na jina, siyo gome peke yake. Kwa mpangaji hakuna maana ya kupanda mutuba, utakomaa mkiwa mmehama. Lakini kununua kipande kilichokwisha kugongwa kutoka kwa mafundi wa upande wa Masaka au Mpigi na kuunganisha na usukaji wa mama mkwe, tuseme kikapu chenye mdomo wa lubugo, hilo sijaliona likizagaa, na ningelijaribu kwa vipande vichache. Jueni mambo mawili: halipendi kufuliwa, na kwa Baganda ni nguo ya kuzikia. Mteja Mganda wa makamo anaweza kukiangalia kikapu chako na kurudi nyuma hatua moja. Mlengeni anayelitaka.

Nimemwacha kijana mwisho kwa makusudi, na asinikasirikie, kwa sababu kazi yake inaanza mapema kuliko ya wote. Mtambo wake wa kwanza uwe kopo. Kopo la pande zilizonyooka, liwekwe mahali wazi mbali na paa na mti, na kila asubuhi apime kwa rula milimita za maji na aandike kwenye daftari. Pembeni aandike pipa limeongezeka lita ngapi, na jerikeni ngapi zimetumika. Baada ya msimu mmoja atajua paa linapoteza kiasi gani na bustani inakunywa kiasi gani. Hakuna kihisi cha kununua kitakachompa habari hiyo, na bila hiyo hataweza kuuambia mtambo ufanye nini.

Akifika kwenye umeme, ajue mitego kadhaa ambayo huwakwaza wengi. Wa kwanza ni vali. Atakuta vali za umeme zilizotolewa kwenye mashine za kufulia na atadhani akiifunga chini ya pipa mambo yamekwisha. Vali hizo nyingi zinahitaji presha ya bomba ili zifunguke. Kimo cha maji cha mita 10 ndicho kinachotoa presha karibu sawa na ya hewa inayotuzunguka. Pipa lililoinuliwa mita 1 linatoa sehemu moja ya kumi yake, na vali itabaki imefungwa huku yeye akibadilisha programu usiku kucha. Atumie pampu ndogo ya volti 12, au aachane na umeme kabisa na alaze mirija ya matone inayofanya kazi kwa presha ndogo, maji yakichujwa kwa kitambaa kabla ya kuingia.

Wa pili ni kihisi cha unyevu. Vile vya bei rahisi vyenye meno mawili ya chuma hupitisha umeme udongoni, na umeme huo huo unayala meno. Atafute kile cha bapa kinachopima bila chuma kugusa udongo, apake sehemu ya juu yenye saketi rangi ya kucha ili maji yasiingie, na akiwashe wakati wa kupima tu. Namba kitakayotoa haina maana peke yake. Akipime kwenye udongo mkavu kabisa wa kwenu, halafu kwenye udongo uliolowa, ndipo ajue katikati ni wapi. Kidole kilichoingizwa hadi kiungo cha pili kinafanya kazi hiyo hiyo, ila sitamwambia hivyo mtoto wa miaka 14.

Nguvu ya umeme haitakuwa tatizo. Pampu inayokula ampea 3 na kutoa lita 4 kwa dakika inamaliza lita 40 kwa dakika kumi. Hiyo ni wati-saa 6. Paneli ya wati 10 ikipata jua zuri kwa muda wa saa nne inatoa 40. Kwa hiyo asikubali kuuziwa paneli kubwa. Betri ndiyo ya kuangalia. Seli za lithiamu za kompyuta za zamani zinapatikana, na baba watoto anazijua, lakini zisichajiwe bila kadi ya kuzilinda, zisilehemiwe moja kwa moja, wala zisiachwe zikichaji usiku ndani ya chumba wanacholala watu. Betri ndogo ya risasi iliyofungwa ni nzito na ni salama zaidi kwa mwanafunzi.

Simu aiache kwanza. ESP32, kibao kidogo cha kompyuta, ikitaka kukufikia ukiwa mbali inahitaji waifai karibu, na kifaa cha laini ya simu kinakula vocha kila mwezi kwa kazi ya kukuambia udongo ni mkavu wakati mko hapo hapo uani. Arduino, kibao kingine cha namna hiyo, ikiwa na saa inatosha. Ila katika programu yake aweke amri moja isiyovunjwa: pampu isizidi dakika tano kwa mara moja, hata kihisi kikisema nini. Kihisi kikichomoka udongoni kitasoma "kavu" daima, na mtarudi kutoka harusini mkute pipa tupu na pampu imeungua. Swichi ya kuelea ndani ya pipa inazuia hilo la pili.

Niseme wazi: mtambo huu utawaokolea robo saa kwa siku, basi. Ukipimwa kwa pesa haulipi. Ningeununua hata hivyo, kwa sababu kijana na baba yake watakaa meza moja kwa miezi, lakini uhesabiwe kama ada ya shule, nje ya laki tatu za bustani.

Kalenda yenu basi ni hii. Julai hii zungumzeni na mwenye nyumba, fungeni mfereji, anzeni mtaro wa maganda, na tazameni kivuli. Katikati ya Agosti sieni sukuma kwenye kitalu kidogo na mjaze magunia. Mvua zikishika Septemba hamisheni miche, na mtawanye mbegu za dodo na nakati zikiwa zimechanganywa na mchanga ili zisirundikane. Kopo la mvua liwe mahali pake kabla ya mvua ya kwanza. Mvua zikikatika Desemba, fungueni daftari la kijana pamoja. Likionyesha kwamba maji ya udhu na pipa yanatosha, mnunulie pampu. Likionyesha hayatoshi, pesa hiyo iende kwenye pipa la pili, naye aendelee na saketi mezani hadi Machi.